Jina Moja, Kaa Tatu

Jina lilikuwa moja, waliolitaka walikuwa wawili. Lugha mbili za kompyuta, zote ndogo, zote zenye watumiaji wa kuhesabika, na zote zinaitwa Kaa. Mfumo wa kompyuta unaozibeba haukubali programu mbili ziitwe kwa amri moja, kwa sababu ukiandika kaa, kompyuta haina namna ya kukuuliza, "Ipi?" Ijumaa mlango wa toleo jipya unafungwa. Wenyewe wasipoelewana kabla ya hapo, zote mbili zinatupwa nje.

Kaa ya kwanza ilikuwa mikononi mwa Fundi. Hakuitunga yeye. Aliyeitunga alishaachana na kompyuta, siku hizi anafuga nyuki na hajibu ujumbe wa mtu. Fundi alikuwa mlezi wake tu. Kazi yake ya kumpa ugali wa kila siku ilikuwa kutengeneza printa, lakini akipata nafasi huchukua lugha ambazo watu wamezisahau, akaziunda upya kutoka kwenye msimbo, yale maandishi yake ya asili, akazifunga kama vifurushi na kuziweka katika ghala la mfumo ule huria ambao yeyote anauchukua bure. Halipwi hata senti. Mkewe akimwuliza anafaidika nini, humjibu, "Kwani wewe kuimba bafuni unafaidika nini?"

Ila hii Kaa haikuwa ya kujifurahisha. Kaka wa mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye meza ya kukatia nguo inayoendeshwa na kompyuta, na kisu cha meza ile hakijui lugha nyingine. Waliomuuzia wamefunga duka, hawajulikani waliko. Kompyuta yake hujisasisha yenyewe kutoka ghalani, na programu iliyoondolewa ghalani nayo huifagia. Kaa ikitupwa, meza ya kukatia inageuka meza ya kupigia pasi, na wanawake wanaoshona dukani mwake wanarudi kwao.

"Ondoa shaka, shemeji," Fundi alimwambia. "Hili ni la simu moja."

"Printa yangu nayo ulisema ni ya dakika tano."

"Printa yako ilikuwa na mjusi ndani."

"Sasa mjusi nilimwita mimi?"

Fundi akapiga simu. Mwenye Kaa ya pili alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mama mwenye sauti ya kufuta ubao. Walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini ghalani kila mtu alimwita Mwalimu na kila mtu alimwogopa kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuomba jina langu."

"Jina letu."

"Langu. Kaa wangu ni yule mwenye magamba, anayetembea upande upande, maana lugha yangu husoma majedwali kwa upande. Wako anatembeaje?"

"Wangu hatembei. Ni kaa la moto. Dogo, lakini linawasha."

"Basi huo ni mkaa, baba. Uweke kwenye gunia."

Fundi alicheka mpaka kiti kikalia. Angeweza kubishana. Kaa yake ndiyo iliyotangulia kuingia ghalani, na ushahidi ulikuwepo. Lakini kesi za namna hiyo huamuliwa na baraza la walezi, na baraza likianza kujadili jina, Ijumaa inapita wakiwa bado kwenye utangulizi.

"Lichukue," akasema. "Jina si shamba. Yangu itaitwa makaa."

Mwalimu akauliza, "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Nina shemeji ana meza."

"Wewe kijana huna adabu. Hata raha ya kugombana huniachii."

Kazi yenyewe aliiona nyepesi kama kumenya ndizi. Aliiandikia kompyuta agizo moja: kila penye neno kaa, weka makaa. Likatekelezwa kabla hajafikisha kikombe mdomoni. Akaunda kifurushi, akaendesha majaribio, yote yakapita. Akakibeba mpaka dukani kwa shemeji yake akipiga mluzi.

Shemeji alikuwa ametandaza kitambaa cha suti, cha kijivu, cha mteja asiyependa mzaha. Utaratibu wa meza ile ulikuwa huu: kisu hukata kipande kimoja, kinatulia, shemeji anatoa kipande, ananyoosha kitambaa, anabonyeza kitufe, kisu kinaendelea. Kikakata mkono wa kwanza wa koti, safi kama karatasi. Shemeji akaingiza kidole atoe kipande.

Kisu hakikutulia.

"Kaa!" shemeji alikipigia kelele kisu kama mtu anayemfukuza mbwa. "Kaa wewe! Kaa!"

Fundi alichomoa waya ukutani. Kisu kikasimama katikati ya kifua cha koti. Shemeji alikuwa ameshika kidole, damu inachuruzika, anatukana kwa ufundi mkubwa. Fundi naye amesimama na waya mkononi, anasikia neno lile likijirudia kichwani.

Kaa. Kulikuwa na kaa ya tatu. Ndani ya lugha yenyewe, neno la kukiambia kisu kitulie ni kaa. Agizo lake lilikuwa limelifagia nalo. Faili za shemeji, zenye maagizo ya kukata, bado zilisema kaa, na lugha ile ikikutana na neno isilolijua hulipita kimya kimya, kama mdaiwa aliyeona mdai wake sokoni. Na majaribio? Aliyafagia pia. Lugha ilisema makaa, majaribio yakasema makaa, vikashuhudiana kama waongo wawili waliopanga njiani.

"Umefanya nini?" shemeji aliuliza.

"Nilibadili jina la programu, nikabadili na kitenzi cha ndani."

"Sema Kiswahili."

"Nimekosea."

"Hapo nimekuelewa."

Fundi hakurudi nyumbani. Alisukuma mabaki ya kitambaa pembeni, akaweka kompyuta juu ya meza ile ile, akafuta kazi yake yote na kuanza upya, mstari kwa mstari. Jina la programu linabadilika, kitenzi kinabaki. Kisha akaongeza jaribio jipya: faili ya mkono wa koti, ile ile ya shemeji, bila kuguswa. Kisu kisipotulia humo, kifurushi kinakataa kuundwa. Akamtumia Mwalimu kazi hiyo aikague.

Mwalimu alipiga simu mwenyewe. "Ukurasa wa mwongozo umeandika, 'Makaa hapa mpaka kitufe kibonyezwe.' Nani huyo anayemakaa?"

"Umenipata, Mwalimu. Huo nilisahau kuurudisha."

"Na hii tabia ya kupita neno usilolijua ukanyamaza, ni ya nani?"

"Ya mtunzi. Anafuga nyuki."

"Basi baba wa mtoto ni wewe. Mfundishe aulize."

Akamfundisha. Sasa neno geni likitokea, programu inasimama na kulalamika.

Shemeji, kidole kimefungwa bandeji, alikataa kukaribia meza. "Weka mkono wako."

"Nauweka," Fundi akasema. Akatandaza kitambaa kingine, akakunja mkono wa shati. Kisu kikakata mkono wa koti, kikatulia. Fundi akaingiza kiganja kizima chini yake, akatoa kipande taratibu, akabonyeza kitufe. Kikaendelea. Akarudia mpaka koti likaisha, huku washonaji wameacha vyerehani wakimtazama.

Ijumaa mlango ulipofungwa, makaa na kaa zote zilikuwa ndani.

Iligharimu kitambaa cha suti moja, kilichokatwa mkono juu ya kifua. Iligharimu ukucha wa kidole cha kati cha shemeji. Iligharimu Jumamosi mbili za Fundi, ambazo mkewe ameamuru akapige pasi dukani kwa kaka yake. Na iligharimu jina kaa, ambalo sasa ni la Mwalimu.