Mechi Imekwisha kwa Aliyeshinda

Nalala mchana kweupe, kwenye kochi, nikiwa bado nimevaa jezi ya njano iliyoloa jasho, na usingizi wenyewe haunijii taratibu, unanivuta miguu kama mtu anayeburuta gunia. Kabla ya hapo nimeipiga teke stuli ya mke wangu Perpetua mpaka imevunjika, naye amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, ananitazama, halafu anasema, ni mpira tu, baba Anjela. Namwambia si mpira tu. Namwambia dakika za kawaida tumetoka sare, dakika za nyongeza tunaongoza kwa pointi moja, na mpira wa kikapu uko mikononi mwa Fidelisi, mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi na kumfundisha mimi kudunda mpira kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya kanisa, na kilichobaki ni kuushikilia tu mpaka king'ora kilie. Yeye anaudunda. Unagonga kiatu chake, unamponyoka, kijana wa Iringa anaudaka, anakimbia nao peke yake mpaka upande wetu, anaurusha, na king'ora kinalia mpira ukiwa hewani, na unaingia. Fainali imekwenda. Ukumbi mzima unalitaja jina la mpwa wangu pamoja na tusi la mama yake, na mama yake ni dada yangu. Perpetua anasema, atapita hapa, hana kwingine pa kwenda, basi usimwambie neno baya. Nasema, asipite. Nageukia ukutani, nafumba macho, na ukuta unafunguka.

Nje ya ukuta kuna barabara ya mbao, mbao za uwanja wa ndani, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, zimechorwa mistari myeupe inayopinda na kurudi pale pale, nami naifuata kwa sababu hakuna njia nyingine, na kila nikiinua mguu mbao zinalia chini yangu kama mbavu. Mbele yangu anatembea mtu aliyevaa shati la refa, filimbi imening'inia kifuani. Namkimbilia, namshika bega, anageuka, na hana uso, pale pa uso ni laini kama yai lililomenywa. Namuuliza, hii ni njia ya wapi. Ananijibu, inakwenda anakokwenda anayeikimbia. Namuuliza, mechi imekwisha. Ananijibu, imekwisha kwa aliyeshinda. Namuuliza, na kwa aliyeshindwa je, naye anapuliza filimbi, sijui kwa mdomo gani, na barabara inainama, inatumwaga wote wawili katikati ya mji.

Mji ni Morogoro na si Morogoro. Milima ya Uluguru ipo, lakini ipo pande zote, na kila nyumba imejengwa kwa vioo, na ndani ya vioo ni mji huo huo, mitaa hiyo hiyo, isipokuwa huko ndani tumeshinda. Nawaona watu wa jezi za njano wakicheza ngoma ndani ya ukuta wa duka. Namwona Fidelisi amebebwa mabegani, anacheka, kombe liko kichwani kama kofia, na pembeni yake namwona dada yangu, mzima, amejifunga kanga, anapiga vigelegele ambavyo sivisikii. Huku nje tuliko sisi barabara imejaa watu wasio na nyuso, nao ni wetu, jezi zao za njano kama yangu, na wanajigonga kwenye vioo wakitaka kuingia kule kwenye ushindi. Wanapiga kwa ngumi, wanapiga kwa viwiko, wanapiga kwa vichwa. Mwanamke mmoja anarudi nyuma, anakimbia, anajitupa mzima mzima kwenye kioo, kioo kinapasuka, naye anaanguka upande wa pili, na upande wa pili hakuna ushindi, kuna barabara hii hii na watu hawa hawa, na shingo yake imefunguka, anavuja, na hakuna anayemwangalia. Na mimi napiga. Namtazama dada yangu naye hanioni, napiga kwa mkono wa kulia, napiga tena, vipande vinaingia kati ya vidole vyangu, na kila ufa unapoongezeka dada yangu anagawanyika, macho huku, mdomo kule, mpaka anamwagika chini pamoja na kioo. Nampigia kelele mtu wa filimbi, mrudishe. Anasema, aliyekivunja kioo ndiye anayeuliza kimevunjwa na nani.

Hapo nasikia mtu mmoja akisema, tumempata, na wote wanaacha vioo, wanakimbilia upande mmoja, na mimi nakimbia nao, na kusema kweli nakimbia kwa furaha, hasira inanibeba kama maji, sijiulizi wamempata nani. Wana mawe, wana mbao zilizong'olewa barabarani zikiwa na misumari yake, wana vipande vya vioo wamevifunga matambara sehemu ya kushikia. Katikati ya duara kuna mtu amepiga magoti, wamemvalisha jezi kichwani kinyumenyume, mikono imefungwa kwa wavu wa goli. Duara linanipisha. Wananipa chuma, nguzo fupi ya kushikilia goli, nzito, na aliyenipa anasema, wewe ni mjomba wake, kwa mila zetu mtoto ni wako, anza wewe. Namwambia, mimi sijui huyu ni nani. Anasema, unajua. Na kweli najua, nayajua magoti yale, lile la kushoto nimelifunga dawa mwenyewe alipoanguka kwenye kokoto, na bado nanyanyua chuma, na nakishusha.

Nasikia mfupa wa bega ukivunjika kama kuni kavu. Yeye halii. Kutoka ndani ya jezi anasema, Mjomba, mpira ulinigonga kiatuni, halafu anasema tena, taratibu, Mjomba, nilitaka kuushikilia. Watu wanashangilia. Jiwe la kwanza linapita karibu na sikio langu na kumpiga mgongoni, la pili linampiga kisogoni, na jezi ya njano inaanza kuwa nyekundu pale juu. Sijui ni nini kinachonigeuza, labda ni ile sauti, kwa sababu ni sauti ya utotoni mwake, lakini nageuka na chuma kile kile, nampiga aliye karibu, pale pa uso panabonyea, nampiga anayefuata, navunja mkono ulioshika mbao, nangurumia watu kama mbwa, na wao hawaishi, kila nikimwangusha mmoja wawili wanamkanyaga wanifikie. Msumari unanichana mgongo. Chuma kinanitoka. Basi nafanya kilichobaki, namlalia mpwa wangu, nambana chini ya kifua changu uso ukiwa kwenye mbao, na kipigo kinakuja juu yangu, mbao, mawe, visigino, nahesabu kisha sihesabu, nasikia damu yangu ikitiririka kwenye mstari mweupe. Namwambia Fidelisi, usinyanyue kichwa. Ananiambia, wewe ndiye uliyeanza, Mjomba. Namwambia, najua, usinyanyue kichwa. Na king'ora kinalia, kirefu, hakikatiki, mpaka masikio yanajaa na dunia inakuwa nyeupe.

Nafumbua macho. Niko kwenye kochi. Jua la alasiri limeingia dirishani na king'ora bado kinalia, kisha kinakuwa birika la chai jikoni kwa jirani, kisha kinanyamaza. Mkono wangu wa kulia unawaka moto, nautazama, vidole vimechanika na damu imegandia kwenye jezi. Perpetua anaingia, kikapu cha nyanya mkononi. Namuuliza, mimi nilitoka humu ndani. Anasema, sijui, mimi nilikwenda sokoni, nimekuta dirisha la chumbani limepasuka na mlango uko wazi. Halafu anaonyesha kwa kidevu, na namwona Fidelisi ameketi sakafuni, mgongo ukutani, bega limeshuka vibaya, nywele zimeshikana kwa damu. Nashuka kwenye kochi, napiga magoti mbele yake. Namuuliza, nani kakupiga, mwanangu. Ananitazama bila hasira. Anasema, unaniuliza wewe, Mjomba.

Nje kuna miguu mingi kwenye changarawe. Perpetua anachungulia na kurudi nyuma, kikapu kinamwanguka. Nainuka, natoka barazani, navuta mlango nyuma yangu na kuuegemea kwa mgongo, na mgongo unauma. Uani wamejaa watu wa jezi za njano. Jua liko nyuma yao, linanipiga machoni, na nafinya macho, nikitafuta pua, nikitafuta jicho, nikimtafuta hata jirani mmoja ninayeweza kumwita kwa jina. Wa mbele anasema, tupishe, mzee. Namwambia, hapiti mtu hapa. Anainama, anaokota jiwe, na bado sijamwona uso.