Kadi Zote Mkono Mmoja

Kampuni ile ya kompyuta ilikuwa na ghorofa sita, na katika zote sita watu waliitana "familia". Ghorofa ya nne, ya watengeneza programu, ilikuwa na familia ya watu thelathini. Afisa Utumishi akawawekea sanduku la maoni, na kadi, na kalamu. Semeni ukweli, akawaambia, na msiandike majina.

Wiki nzima sanduku lilikaa tupu. Mama Chai, aliyelifuta vumbi kila asubuhi, alilionea huruma.

Mtengeneza programu mmoja, waliyemwita Miwani, akamfuata jikoni.

"Mama, una mwandiko mzuri?"

"Mwalimu wa darasa la tano aliusifu."

"Basi niandikie. Wangu unajulikana na wakubwa, nasaini karatasi zao kila siku. Wako nani anaujua?"

Mama Chai akakausha mikono, akaandika alichoambiwa: Tunafanya kikao cha kupanga kikao. Herufi zake zilisimama wima kama wanafunzi mstarini.

Habari haikukaa. Kufika saa nne, jikoni kulikuwa na foleni. Mmoja alisema simu humwamsha usiku kwa sababu seva, ile kompyuta kuu, imezimika, halafu asubuhi anaulizwa mbona macho mekundu. Mwingine alisema wanalazimishwa kucheza mpira wa meza ili waonekane wana furaha, na kila Ijumaa wanadaiwa ripoti ya furaha hiyo. Mama Chai hakuuliza zaidi. Aliandika, akakunja, akatumbukiza.

Jumatatu wote wakaitwa ukumbini. Mama Chai alikuwa nyuma na birika lake.

Mkuu wa ghorofa akamwaga kadi mezani. "Familia," alisema kwa upole, "hapa tuna mtu mmoja mwenye uchungu mno. Mtaalamu wa miandiko amezitazama kadi hizi, zote ni mkono mmoja. Ninyi ishirini na tisa mnaoridhika, nawashukuru. Huyu mmoja anatuharibia. Kila mtu ataandika mstari mmoja sasa hivi, na tutakayempata, leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini."

Karatasi zikagawiwa. Mama Chai hakupewa, hakuwa kwenye orodha. Angeweza kumimina chai yake na kunyamaza. Kazi hii ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki, miaka tisa sasa. Lakini alikuwa amesali asubuhi ile, na hakuona jioni angesali kwa uso gani. Akaweka birika chini.

"Mwandiko ni wangu, mheshimiwa."

Mkuu akaokota kadi moja. "Wewe ndiye unayeamshwa na seva?"

"Huyo seva simjui hata kwa sura."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nani alikutuma?"

"Mlisema bila majina. Mimi nimeshika hilo hilo."

"Mama, nitakuachisha kazi."

"Nimekusikia, baba."

Kiti kikakwaruza sakafu. Miwani alikuwa amesimama. "Ya kikao ni yangu." Akainuka wa seva. Viti vikazidi kukwaruza, safu kwa safu, mpaka akainuka Afisa Utumishi, macho kwenye viatu vyake. "Na ya mpira wa meza ni yangu. Mchezo niliuleta mimi, lakini nimeuchoka."

Mkuu akahesabu watu, akahesabu kadi. Angewafukuza wote, nani angewasha hizo kompyuta? Akabaki na kadi moja isiyo na mtu, akaisoma: "Mkuu anapita jikoni kila siku kama anapita kabati."

"Hiyo hakunituma mtu," alisema Mama Chai.

Mkuu akaiweka kadi mezani. Akalegeza tai.

"Shikamoo, mama," alisema, neno likimbana kama kiatu kipya.

"Marahaba."

"Kesho uje kazini."

"Nitakuja, Mungu akipenda," akajibu, akainua birika, maana chai ilikuwa inapoa.