Nati ya Kujazia

Jumapili mchana Mama Kitinda alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, miguu imevimba kwa wiki nzima ya kusimama kwenye jiko la shule anakopika, akiangalia miguu ya mumewe. Miguu tu, maana mwili uliobaki ulikuwa chini ya gari.

Aliyemtia huko ni mama mwenyewe. Kesho yake saa mbili asubuhi binti yao wa mwisho, Kitinda, wa miaka tisa, alitakiwa hospitali ya macho, kilomita arobaini, kupasuliwa jicho la kushoto. Nafasi hiyo waliingoja miezi saba. Na gia ya pili ilikuwa inasaga. Kila ilipoingia, roho ya mama ilikuwa inatoka. "Baba Kitinda, hii itatuachia njiani. Badilisha oili ya giaboksi." Alisema Jumatatu, akasema Jumatano, Ijumaa akasema mara tatu. Baba Kitinda, seremala wa watu, akachoka masikio. Akaleta oili, akainua gari kwa jeki na vipande vyake vya mbao.

"Inatoka!" sauti ikasema kutoka chini.

Oili nyeusi ikateremka kwenye karai mpaka tone la mwisho. Akairudisha nati ya chini, akahamia ile ya ubavuni, ya kujazia oili mpya. Spana ikateleza. Kisha kuguna. Kisha tusi dogo, la Jumapili.

"Nini tena?"

"Imegoma."

"Imegoma vipi?"

"Mama Kitinda, nati ikigoma imegoma. Haina vipi."

Akachomeka bomba kwenye mkono wa spana apate nguvu, akavuta mpaka gari likayumba juu ya jeki. Mama akaruka, akamshika vifundo vya miguu, akamburuta nje kama gunia. "Nina mgonjwa mmoja, sitaki na marehemu!" Nati yenyewe ilikuwa imelika kona zote, imebaki duara kama kifungo cha shati.

Jirani yao, dereva wa lori, alikuwa ameegemea ukuta na kikombe cha chai. "Shemeji, ulimwaga kabla hujaifungua ya kujazia?"

"Si hutoka kwanza ndipo iingie?"

"Ya kujazia ndiyo inaanza. Ikikataa, unafunga kazi, gari lina oili yake, unakwenda zako. Sasa umemtoa mgonjwa damu na pa kumwongezea huna. Nani aliikaza namna hii?"

Seremala akamtazama mkewe. Mkewe akatazama karai. Mwaka jana, gari liliporudi kutoka kwa fundi wa klachi, ni yeye aliyemsimamia mumewe kichwani: kaza, kaza tena, isije ikadondoka tuna mtoto ndani. Na mwanamume, ili apate amani, akachukua bomba hilohilo akakaza kila nati aliyoiona.

"Basi msiliwashe," jirani akasema. "Mtafuteni fundi wa kuchomelea aigandishie chuma, aizungushe nacho." Yeye alikuwa anasafiri na lori jioni hiyo. Fundi wa kuchomelea walimpigia mpaka simu ikaisha chaji, hakupokea.

Alfajiri walisimama uani wote watatu. Basi la kwanza lingewafikisha saa nne.

"Kuna utando wa oili umebaki ndani," seremala akasema. "Nitakwenda pole, kama nimepakia mayai."

Siku nyingine yoyote mama angekataa, angelala mbele ya magurudumu. Lakini hakuwa amefumba jicho usiku kucha, na kukataa nako kunataka nguvu. "Haya. Twende."

Mwanzo gari lilipiga mluzi. Baadaye likalia. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa ndani, Kitinda akaziba pua na kuuliza gari linapika nini. Katikati ya safari kikasikika kishindo chini ya miguu yao, na mkono wa gia ukawa unazunguka tu kama mwiko kwenye sufuria. Seremala akaliacha lijiviringishe mpaka pembeni. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walikuwa wamechoka hata kwa hilo.

Basi liliwaokota, wakafika saa nne na nusu.

"Mama, daktari alimwita mara tatu," muuguzi wa dirishani akasema. Hakuwa mkali. Akaandika tarehe mpya kwenye kadi, akaipitisha chini ya kioo.

Kitinda akaichukua, akaisogeza mpaka ikamgusa pua. "Mwezi wa ngapi huu, mama?"

Mama akamsomea. Miezi mitano mbele.

"Na jicho litangoja?"

Mama akainua uso kumwuliza muuguzi. Muuguzi alikuwa ameshamwita mtu mwingine.