Njia ya Ng'ombe

Mwaka ule nchi ilipoanza kuitwa Zaïre, Apolline alitoka Kisangani kwenda kuujua mji wa ziwani alikozaliwa baba yake. Alikuja na ramani ya Bukavu, imekunjwa vizuri. Shangazi yake Domitille akaitazama, akasonya.

"Ficha hiyo karatasi, mutoto. Zile avenue zimezaliwa jana. Tufuate njia ya ngombe za babu yako."

Wakapita nyua za watu bila hodi, wakakata katikati ya bustani ya villa moja. Mwenye villa alipotoka kufoka, shangazi alimsalimu kwa upole, kama mwenye nyumba anavyomsalimu mgeni.

"Hapa njo ngombe zilikuwa zinapumzika," alisema. "Na hapa, ile nyekundu ilizaa."

Apolline hakuona ila saruji na maua. Lakini pole pole pua yake ikaanza kunusa majani yaliyokanyagwa.

Walipofika ufukoni, ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa Kivu. Apolline alishikwa na kiu, akainama achote maji. Shangazi akamdaka mkono.

"Ngombe kwanza."

Ufukoni hapakuwa na kitu. Apolline akasogea pembeni, akazipisha, akangoja mpaka zishibe.