Kisima Ndani ya Jiwe la Pwani

Gari la idara ya maji lilipoiacha Ijara nyuma na kushika njia ya pwani, Sahro alisogea dirishani. Ni yeye aliyemwomba Filsan, binti wa kaka yake, amchukue kutoka Garissa katika safari hiyo ya kukagua visima.

Walilikuta jiwe pale pale, jeupe, limejitokeza mchangani kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Mwaka wa ukame, Sahro akiwa msichana mdogo, baba yake aliswaga mifugo kutoka Ijara hadi hapa, kwa sababu ndani ya jiwe mlikuwa na kisima. Mdomo wake ulikuwa mwembamba, kwa hiyo aliyeshuka kuchota ni Sahro, na aliyeshika kamba juu ni kaka yake, Abdow. Mle ndani mlikuwa na ubaridi mtamu. Kuta zilijaa magamba ya kome, naye aliyapapasa hadi Abdow akamfokea ajaze ndoo.

"Mchote taratibu," baba alikuwa akiwaambia. "Mkiharakisha, chumvi itapanda."

Filsan alibandua kipande kwa nyundo akampa. "Eedo, shangazi yangu, hili lote lilikuwa hai. Vijidudu vya baharini vilijijengea vyumba vya chokaa, kizazi juu ya kizazi. Kisha bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu. Ni zaidi ya miaka laki moja."

"Na maji yetu?"

"Mvua hupenya kwenye matundu, ikalala juu ya maji ya chumvi, maana ni nyepesi. Ukiyavuta haraka, yale ya chumvi hupanda. Babu alikuwa anasema kweli."

Filsan aliteremsha chupa kisimani. Sahro alionja, akatema. Wenyeji walikuwa wamemweleza Filsan kuwa waliwahi kufunga pampu ya dizeli, wakavuta maji misimu kadhaa bila kukipumzisha kisima. Upande wa baharini mawimbi yalikuwa yameguguna jiwe kwa chini, na bonge zima limeanguka.

Sahro aliketi, akampigia Abdow, ambaye siku hizi miguu haimtoi nje ya duka lake kule Takaba.

"Walaal, ndugu yangu, niko kwenye jiwe."

Abdow aliuliza, "Lipo?"

"Lipo. Limeliwa upande mmoja."

"Na maji?"

Alitamani kumdanganya. "Yameingia chumvi."

"Basi sisi tuliyawahi yakiwa matamu," Abdow alisema polepole. Kisha akauliza, "Yule ng'ombe aliyekataa kuondoka hapo mvua ilipofika, aliitwa nani? Gudud?"

"Gudud alikufa njiani, kabla hatujafika."

"Hakufa. Nilimkamua mwenyewe hapo jiweni."

"Ulimkamua mwingine, Abdow. Gudud nilimlilia mimi."

Filsan alikuwa ameshafunga vifaa vyake, akasimama kando ya gari bila kuwaharakisha. Sahro alijifunika shungi dhidi ya upepo, jiwe likiwa na joto chini yake, wakaendelea kubishana, wakiwataja ng'ombe wa baba yao mmoja baada ya mwingine, na wala hawakuafikiana.