Tuta la Mke Wangu

...na ukikanyaga hivyo ameshakusikia, fuko hana macho ya maana lakini ardhi yote ni sikio lake, ndivyo alivyokuwa akinikemea mke wangu, unatembea kama unatwanga, baba watoto, kaa chini, nami nakaa, kama nilivyokaa sasa, udongo wenye umande unaniloanisha suruali, magoti yananilalamikia, mbele yangu ufito umepindwa, kamba imekaza, kitanzi kimo ndani ya njia yake, na tundu nimeliacha wazi kidogo ili upepo uingie, maana fuko hastahimili upepo, atakuja kuziba, hana budi aje... binti yangu anasema kitu kule mwanzo wa matuta, Baba, gari limefika, dereva anauliza kama godoro nalo linakwenda, nami nimeinua mkono bila kugeuka, ngoja, kwanza nimnase huyu, siwezi kuondoka shamba linaliwa, nilimwambia hivyo wiki iliyopita, na juzi tena, ana subira mtoto huyu, jirani ndiye aliyecheka, ameegemea ua wa mpakani, mzee, alisema, wewe una macho mawili na miwani juu yake, mwenzako kipofu, na bado anakufunga mabao, tia sumu ulale, lakini sumu mke wangu hakuitaka, alisema kitu unachokiua sharti ukione uso, na tuta hili ni lake, majani yametanda, mabichi, ukipita unasema hii ni neema, ukivuta shina linakuja jepesi mkononi, chini hamna kiazi, limebaki ganda tu, hata mke wangu alikuwa hivyo, anataniana na wauguzi, anawauliza habari za wachumba, na huku daktari ananiita kwenye korido inayonuka dawa ya sakafu, ananyanyua picha nyeusi dirishani, mzee, tumechelewa, huku ndani kote kumeliwa... hapana, hakusema kumeliwa, alisema imeenea, kuliwa ni neno langu... kamba imetikisika? Hapana, ni mkono wangu, nimeushika ufito bila kujua, kumbe, na je, nikimnasa? Hilo nalo sijajiuliza, nikimnasa nitamwambia nini binti yangu, nitapanda gari, nitakaa kwake mjini kwenye chumba chenye pazia, mtu wa kuletewa chai na kuulizwa kama sukari inatosha, na fuko mwingine atahamia humu, mafuko hawaishi wawili, akitoka mmoja mwingine anaisikia njia iko tupu, anaingia, na ni nani atakayejua kwamba hapa kushoto kwangu ndipo alipokuwa akichuchumaa mke wangu, kitambaa kimefungwa kichwani, kidole mdomoni, asubuhi nzima hatusemi neno, wapita njia wanadhani tumegombana, na sijapata kuwa na maongezi mazuri kuliko yale... binti amekwenda kumwambia dereva ashushe vitu, bila shaka, amechoka nami, ana haki... sisikii kitu, nageuza shingo tu, naye yuko katikati ya matuta, anakuja, viatu vyake vya mjini kavishika mkononi, anatua ukingo wa unyayo kwanza, halafu vidole, kisigino hakigusi kabisa, hivyo ndivyo mama yake alivyotembea humu, alimfundisha lini, nilikuwa wapi mimi, amefika, anataka kuchuchumaa, anasita, anazunguka nyuma yangu, polepole, anakuja kukaa kulia kwangu.

“Nikae huku, baba,” ananong'ona. “Pale ni pa mama.”

Nami nilidhani ni macho yangu peke yangu yanayomwona pale... pengo limekaa kati ya bega langu na majani, sote wawili tunaliheshimu, na binti analia, bila kwikwi, bila kutikisa mabega, kilio cha mtu asiyetaka ardhi imsikie, amekuwa akilia hivi tangu lini, jikoni, kwenye simu, huku mimi namhesabu kama mtu aliyekuja kunichukua, kama yule daktari wa picha nyeusi, anafunga masanduku yangu na mimi namwona mikono tu, tangu tumzike mama yake sijamuuliza hata neno moja, yeye ndiye anayeniuliza, umekula, umemeza dawa, unahisi baridi, na mimi najibu fuko, fuko, fuko... na fuko sasa lazima yuko karibu, kamba hii imeanza kuwa na uzito, ukisema sasa hivi anarudi alikotoka na harudi leo.

“Unapata usingizi, mwanangu?” nimesema, kwa sauti yangu yote ya nyumbani.

“Sipati, baba,” anasema. “Tangu siku ile.”