Pasi ya Kumi na Tisa

Jumatatu ile kinyozi alifungua duka saa mbili kama kawaida yake. Akafagia sakafu isiyokuwa na unywele hata mmoja, akachomeka mashine kwenye umeme, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja akajitazama kwenye kioo. Hakuwa na uchungu, hakuwa na hasira. Tangu jana jioni mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na chai aliyoinywa asubuhi hakujua kama mkewe aliitia sukari au la.

Timu yao ilikuwa inaongoza tatu bila. Tatu bila, dakika ya sabini, uwanja wa nyumbani, wageni wameshainamisha vichwa. Ikaisha imefungwa nne tatu. Mtu akikusimulia utasema anatia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na watu elfu kadhaa walirudi makwao kimyakimya kama wametoka kuzika.

Saa tatu duka lilikuwa na wateja watatu, na wa kunyolewa ni mmoja tu. Huyo ni Mwenyekiti wa tawi la mashabiki, ambaye kichwa chake kinahitaji dakika tano na maneno yake yanahitaji siku nzima. Wa pili ni Mwalimu wa hesabu, mstaafu, aliyekuja na karatasi yenye duara na mishale ya kila goli. Wa tatu ni dereva wa lori. Yeye aliliacha lori ng'ambo ya barabara na saruji yake juu, akasema saruji haiozi, mzigo utasubiri.

Mwalimu alimtwisha kocha mzigo wote. Nani kamtuma amtoe mshambuliaji mwenye mbio na kuingiza beki? Timu ikabaki na mabeki sita wamejipanga kama wanasubiri zamu ya bomba, na mbele hakuna hata wa kuwatia wageni wasiwasi. Dereva akasema kocha aachwe, wa kulaumiwa ni kipa: goli la tatu lilimpita ubavuni naye akalisindikiza kwa macho. Wakabishana hapo mpaka Mwalimu akatoa kalamu kuchora mshale mwingine. Kinyozi alikuwa anapitisha mashine nyuma ya sikio la Mwenyekiti, taratibu, mahali pale pale.

Mwenyekiti akawaacha wamalize povu lao, ndipo akauliza swali moja tu. Hayo magoli yote yalianzia wapi? Yalianzia kwenye goli la kwanza. Na goli la kwanza, mpira uliporwa kutoka kwa nani?

Kutoka kwa Rula. Ndivyo walivyombatiza kiungo wao, kwa jinsi pasi zake zilivyonyooka. Rula ni mdogo wake kinyozi, baba mmoja mama mmoja, na wote mle dukani walilijua hilo. Kwa heshima wakapunguza sauti. Kuacha hawakuacha.

Hapa lazima ujue kitu kimoja kuhusu tawi lile. Wana desturi yao: timu ikiongoza kwa magoli matatu, jukwaa zima linahesabu pasi. Kila pasi, ngoma inapigwa mara moja na watu wanaitaja namba kwa sauti. Rekodi yao ni ishirini na saba, na wanaringa nayo kuliko kombe. Mwenye ngoma ni kinyozi, mwaka wa kumi na moja sasa. Jana walifika kumi na tisa. Rula akaupokea mpira, mgeni mmoja akaja kutoka kushoto kwake, peupe kabisa, akauchukua kama mtu anayechukua mwavuli wake mlangoni.

Dereva alisema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Mtu mzima, macho mawili, atashindwaje kuuona mwili wa mtu unaomjia? Mwalimu akaikunjua karatasi yake. Kwa hesabu zake, kutomwona hakuwezekani. Basi Rula alimwona. Na kama alimwona akatulia, maana yake ni moja.

"Ameiuza mechi," Mwenyekiti akamalizia.

Barua ilikuwa tayari mfukoni mwake. Inawaomba viongozi wa klabu wamsimamishe Rula na kumchunguza kwa hujuma. Mwalimu alisaini, dereva akasaini. Sasa barua za tawi lile haziendi popote bila sahihi ya mpiga ngoma, hiyo ndiyo sheria yao tangu tawi lianze. Mwenyekiti akaiweka juu ya meza, kati ya chanuo na kopo la poda. Akasema anajua damu ni damu. Lakini kinyozi asiposaini, mtaa utasema mlikula wote.

Kinyozi akazima mashine. Kichwa cha Mwenyekiti kilikuwa kimenyolewa nusu.

Alikuwa na jambo ambalo hata mama yao hakuambiwa. Miaka mitatu nyuma Rula alipigwa kiwiko mazoezini, na tangu hapo jicho lake la kushoto likaanza kufifia mpaka likazima kabisa. Kipimo cha macho cha klabu alikipita kwa kukariri herufi za ubaoni. Kaka mtu ndiye aliyemkaririsha, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na uwanjani walitengeneza dawa yao. Mtu akimjia Rula kutoka kushoto, kinyozi anagonga ukingo wa ngoma mara mbili, ka-ka, mlio mkavu. Jukwaa lilidhani ni mbwembwe za mpigaji. Kwa misimu mitatu Rula alicheza na jicho moja na sikio.

Jana, ile kumi na tisa, kinyozi alimwona yule mgeni anakuja. Alimwona vizuri kabisa. Lakini watu walikuwa wamesimama, namba zinapanda, rekodi inanukia, na mkono wake ukapiga katikati ya ngoma badala ya ukingoni.

Akisema, mdogo wake atasafishwa jina na atavuliwa viatu vya mpira siku hiyo hiyo. Akinyamaza, Rula ataitwa msaliti. Kinyozi alipima hivi na hivi, na ile ganzi haikumsaidia kuchagua. Kilichomshinda ni lile neno kuuza. Mdogo wake hajawahi kuuza hata kiatu chake kilichochanika.

"Haoni kwa jicho la kushoto," akasema. "Mimi ndiye ninayemwonea upande huo. Jana sikumwonea."

Akawaeleza yote, kwa sauti ile ile anayomwulizia mteja kama apunguze pembeni. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa ameikunja karatasi yake ndogo kabisa. Dereva aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti akaichukua barua akairudisha mfukoni, akasema haya basi, haya.

Saa nne Rula akaingia. Alikuja kunyolewa, kama kila Jumatatu baada ya mechi, washinde washindwe, na kwa uso wake alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hakutukanwa. Dereva alirukia mlangoni akamshika mkono wa kushoto, akamwambia aangalie hapo kuna ngazi. Mwalimu akamwuliza hali ya mama. Mwenyekiti aliinuka na nusu kichwa chake akampisha kiti.

Rula alisimama katikati ya duka, mkono wake ungali kwapani mwa dereva. Ngazi ile alikuwa akiipanda tangu duka lifunguliwe. Akageuza kichwa, akamtazama kaka yake.

"Umewaambia."

"Walikuwa wanasema umeuza mechi, mdogo wangu."

"Si wangesema tu, kaka." Hakupandisha sauti. "Aliyeuza mechi husimamishwa miezi mitatu. Akirudi akafunga goli moja, hawa hawa wanambeba mabegani. Mwenye jicho moja anarudi wapi?"

Rula akauchomoa mkono wake polepole, akamgeukia Mwenyekiti, akauliza kama kuna barua imeandikwa. Mwenyekiti akakiri kwamba ipo, ila wameshaamua haiendi.

"Ipelekeni hiyo hiyo," Rula akasema. "Habari ya jicho hamkuisikia."

Wakatazamana. Mwenyekiti akaitoa tena, akaikunjua juu ya meza. Rula aliisoma yote, kichwa amekigeuza kidogo upande kama anavyosoma siku zote. Kisha akaisogeza mbele ya kaka yake na kalamu juu yake.

"Saini, kaka."

Kinyozi akasaini.